Mwongozo kamili wa Halo Infinite: ijue ngao kabla ya kujifunza kulenga

Anayeingia Halo Infinite akitokea kwenye gemu nyingine za vita mtandaoni hukutana na mshangao uleule: anamwona adui kwanza, anaanza kufyatua kwanza, halafu anayekufa ni yeye. Anarudi uwanjani, yanajirudia, na anaanza kuilaumu intaneti. Intaneti pengine haina kosa. Kwenye gemu nyingi za risasi, anayeona kwanza ndiye anayeua, maana risasi tatu nne zinamaliza kazi. Hapa kila mpiganaji, anayeitwa Spartan, amevaa ngao ya nishati inayomeza risasi kabla mwili haujaguswa. Kuimaliza ngao hiyo kunachukua muda wa kutosha kwa adui kugeuka, kujibanza ukutani, kurusha guruneti na kukujibu kwa utulivu kuliko ulivyoanza wewe.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mbinu za kulenga. Utalenga vizuri kadiri unavyocheza. Kuielewa ngao, yako na ya mwenzako, ndiko kunakoleta mabadiliko ya haraka.

Kabla ya mechi ya kwanza

Sehemu ya wachezaji wengi ni ya bure. Ilitoka tarehe 15 Novemba 2021, miaka 20 kamili tangu Halo ya kwanza ilipotoka pamoja na Xbox ya mwanzo. Inachezwa kwenye Xbox One, Xbox Series X na S, na kompyuta za Windows kupitia Steam au duka la Microsoft, na wachezaji wa mashine hizi zote hukutana kwenye mechi zilezile. Hadithi ya mchezaji mmoja inauzwa peke yake na huihitaji ili kucheza na wenzako. Vinavyouzwa ndani ya sehemu ya bure ni mapambo: deraya, rangi, nembo. Hakuna anayenunua bunduki kali, kwa hiyo usidhani aliyevaa deraya inayong'aa ana nguvu kukuzidi.

Usikimbilie mechi. Tumia robo saa kwenye mipangilio, kwa sababu ile iliyokuja na gemu haimfai kila mtu.

Anza na upana wa kuona. Gemu inakuja na 78, na unaweza kupanda hadi 120. Ukipanua unaona pembeni zaidi, lakini adui wa mbali anakuwa mdogo kwenye skrini. Kwa maoni yangu, kati ya 95 na 105 ndipo wengi wanapostarehe. Ukichezea runinga iliyo mbali na kiti chako, shuka kidogo.

Kisha, kama unatumia padi, shughulikia vijiti. Kuna kipimo cha umbali ambao kijiti husogea kabla gemu haijakisikia. Kipunguze taratibu mpaka uone mhusika anajisogeza mwenyewe bila kuguswa, halafu kipandishe hatua moja. Padi iliyochakaa itahitaji kipimo kikubwa zaidi, wala si aibu. Kasi ya kugeuka iweke ya wastani: uweze kumgeukia aliyekupiga mgongoni, lakini usimpite unapomlenga.

Jambo la tatu ndilo wengi hulipuuza. Mpangilio wa kawaida wa padi unakulazimisha kuondoa kidole gumba kwenye kijiti cha kulengea kila unaporuka, na katika gemu hii utaruka sana. Mpangilio uitwao Bumper Jumper unahamishia kuruka kwenye kitufe cha begani ili kidole kibaki palepale. Siku za mwanzo utajikuta ukibonyeza kitufe kisicho sahihi ulipotaka kuruka. Vumilia, mkono utazoea. Wa kibodi na puku hawana tatizo hili.

Rangi ya mstari unaowazunguka maadui inabadilishwa pia. Chagua ile jicho lako linaiona upesi. Na vaa spika za masikioni. Nyayo, ngao inayopasuka, bunduki inayojazwa risasi, vyote vinasikika na vyote ni habari.

Sasa nenda Academy, sehemu ya mazoezi. Humo kuna mafunzo ya silaha nyingi na mechi dhidi ya roboti wa ngazi nne: Recruit, Marine, ODST na Spartan. Ukianza kuwashinda wa ODST bila taabu, uko tayari kwa watu. Usingoje mpaka uwaweze wa Spartan, maana roboti wana tabia zao, na utajifunza kuwapiga roboti badala ya kuwapiga binadamu.

Ngao inavyofanya kazi

Juu ya skrini yako kuna mstari. Huo ndio ngao. Ukipigwa unapungua, ukiisha unasikia mlio wa hatari, na kuanzia hapo mwili uko wazi. Ukikaa sekunde kadhaa bila kuguswa na chochote, ngao huanza kujijaza yenyewe. Risasi moja tu ya kukuparuza inaanzisha upya kusubiri huko.

Hapa ndipo siri kubwa ilipo. Kwa bunduki nyingi za kulenga, risasi ya kichwa haina faida yoyote maadamu ngao bado ipo. Faida huja ngao inapokatika. BR75, kwa mfano, hutema risasi tatu kila unapovuta, na unahitaji mivuto minne kumwangusha mtu mwenye ngao kamili: mitatu ya kumaliza ngao, popote itakapompata, na wa nne kichwani. Bandit inatoa risasi moja moja na inahitaji tano: nne za ngao, ya tano kichwani. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kichwa tangu mwanzo. Lenga kifua, pahali papana, kisha ngao inapopasuka (utaona mwako na kusikia mlio wake) pandisha shabaha. Wachezaji wengi wazuri hulenga usawa wa shingo ili mkono usogee kidogo tu. Bunduki ya mdunguzi, S7 Sniper, haifuati kanuni hii: ikikupata kichwani umekwenda, ngao au hakuna ngao.

Ngumi nayo ina hesabu yake. Ya kwanza inafuta ngao nzima, ya pili inaua. Ukimpiga mtu mgongoni, moja inatosha.

Kutokana na hayo yanazaliwa maamuzi mawili utakayoyafanya mara nyingi kuliko mengine yote. Ngao yako ikikatika na ya mwenzako bado ipo, ondoka. Usimalizie magazini, usijaribu bahati. Rudi nyuma ya ukuta uliokuwa karibu nawe kabla ya kuanza kupigana. Na kama hapakuwa na ukuta karibu, basi ulianza pambano mahali pabaya. Ngao ya adui ikikatika na yako ipo, mfuate au mtupie guruneti alipojificha, kwa sababu baada ya sekunde chache kazi yako yote itakuwa imefutika.

Pambano moja kwa karibu

Tuchukue mfano. Uko kwenye mlango unaotazama ukumbi mrefu, na adui anatokea upande wa pili. Wote mna BR75 na ngao kamili.

Mgeni atatoka katikati ya ukumbi na kusimama ili alenge vizuri. Wewe baki na bega karibu na fremu ya mlango. Vuta mara mbili huku ukiyumba kushoto na kulia bila mdundo maalumu; mdundo unatabirika. Yeye naye amekupiga, ngao zenu zote zimebaki kidogo. Ingia nyuma ya fremu kwa nukta moja. Yeye sasa hajui kama umekimbia au unasubiri. Rusha guruneti ya kawaida igonge ukuta wa pembeni mwake na kuruka kuelekea alipo. Ana mawili: kubaki, ngao imalizikie hapo, au kusogea upande ambao tayari unautazama. Toka tena, mvuto mmoja wa kifua, mwingine wa kichwa.

Ukikuta amekaribia badala ya kurudi nyuma, acha kuhesabu risasi za kichwa. Piga mwili unaporudi nyuma, na akifika hatua ya mkono, ngumi. Wengi hupiga ngumi mapema mno, wakiwa bado mbali, na kule kupepesuka hewani kunampa mpinzani muda wa bure.

Walioibuni Halo tangu mwanzo waliijenga juu ya vitu vitatu hivi, bunduki, guruneti na ngumi, na vyote vinatumika wakati wowote bila kubadilisha silaha mkononi. Anayetumia kimoja tu anapigana akiwa amefungwa mkono.

Maguruneti yako manne

Ya kawaida, frag, hudunda na kulipuka. Ndiyo ya pembeni na ya mlangoni. Ya plasma hunata. Ikimnata mtu mwilini amekwisha, na ikinata sakafuni inafunga njia kwa muda. Spike hunata ukutani na kutawanya vipande kutoka hapo, kwa hiyo itupe darini au ukutani juu ya adui badala ya miguuni. Dynamo hutoa shoti za umeme mfululizo mahali ilipoangukia, na inafaa sana kusimamisha gari. Unabeba hadi mbili za kila aina. Kosa la kawaida ni kufa ukiwa nazo zote mfukoni, na anayezichukua ni aliyekuua.

Silaha: chache za kuanzia

Katika mechi za kawaida unaanza na MA40, bunduki ya mfululizo yenye risasi 36, na bastola ya Sidekick yenye 12. Watu huidharau bastola hii, nami sielewi kwa nini. MA40 ni ya karibu. Mtu akiwa mbali kidogo risasi hutawanyika. Anza na MA40, ngao ikikatika badilisha upesi na umalizie kichwani kwa Sidekick. Kubadilisha ni haraka kuliko kujaza risasi, na mbinu hii peke yake itakupandisha kuliko saa nyingi za kulenga shabaha za mazoezi.

Silaha za plasma hula ngao vizuri na mwili vibaya. Bastola ya plasma ukiishikilia kifyatulio hukusanya tufe la kijani linaloifuta ngao nzima kwa mpigo. Ukifuatisha risasi moja ya kichwa kwa bunduki nyingine, mchezo umekwisha. Needler hutuma miiba ya waridi inayomfuata mtu na kulipuka ikijaa mwilini. Usiitumie kwa aliye nyuma ya nguzo. Bulldog, bunduki ya marisau, ni ya kona na milango. Nyingine nyingi utazijua kwa kuziokota na kwa mazoezi ya Academy.

Kuna daraja la juu yake: mzinga wa roketi M41 SPNKr, S7 Sniper, upanga wa nishati, nyundo ya Gravity Hammer, na Skewer inayorusha mkuki mmoja mmoja. Hizo huzipati kwa kuzaliwa nazo. Zinatokea mahali maalumu kwenye ramani, na hapo ndipo sehemu inayofuata inapoanza.

Ramani ina saa yake

Kila silaha kubwa ina kiota chake, na ikichukuliwa hurudi palepale baada ya muda. Vivyo hivyo kwa nyongeza mbili za thamani: ngao ya ziada, Overshield, na Active Camo inayokufanya karibu usionekane. Sauti ya msaidizi wako hutoa taarifa vitu vikubwa vinapokaribia kurudi. Timu inayofika kabla ya taarifa hiyo, ikakaa kwenye sehemu zinazotazama kiota, huipata silaha. Inayosubiri isikie ndipo ikimbie hufika na kukuta midomo ya bunduki.

Kwa hiyo katika kila ramani mpya jifunze mambo matatu tu kwanza: silaha kubwa iko wapi, nyongeza iko wapi, na njia mbili za kufika hapo bila kupita uwanjani. Aquarius na Bazaar zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo ukijua nusu umejua zote. Live Fire, Recharge na Streets hazifanani upande kwa upande na zinataka subira zaidi. (Bazaar na Streets zimewekwa Mombasa ya karne zijazo. Usishangae.)

Overshield na Camo unaziokota na kuzibeba, kisha unazitumia ukiamua. Ukifa kabla ya kuzitumia zinaanguka chini, na mwenye bahati anaziokota. Usizihifadhi kwa siku ya sherehe. Washa Overshield unapojua unaingia kupigana na watu wawili, si baada ya ngao yako kuisha mbele yao.

Vifaa vingine ni vya kutumia akili. Grappleshot inakuvuta hadi ukutani, inakuletea silaha iliyo mbali, inakupeleka usoni kwa adui na hata kukupandisha kwenye gari lake. Repulsor inasukuma: roketi inayokujia inarudi ilikotoka, guruneti inatoka miguuni pako, na adui aliyesimama ukingoni anaanguka. Drop Wall ni ukuta wa muda ambao risasi zako zinapita na za mwenzako hazipiti. Threat Sensor inaonyesha waliojificha. Mgeni aichukue Repulsor kila anapoiona. Ndiyo inayosamehe makosa mengi.

Aina za mechi

Mechi za kawaida ni wanne kwa wanne. Slayer ni kuua, timu inayofika 50 inashinda, kwa hiyo kila kifo chako ni pointi ya wenzao. Anayeua 10 na kufa 15 ameirudisha timu nyuma hata kama ubao unaonyesha ameua wengi.

Kwenye Capture the Flag, anayebeba bendera hawezi kufyatua na hawezi kukimbia mbio. Asiende peke yake. Mmoja abebe, mmoja atangulie, wawili wapige kelele upande mwingine.

Oddball ni fuvu: kulishika ndiko kunaleta pointi, raundi ni ya 100, na inashinda timu iliyochukua raundi mbili. Mshika fuvu hana bunduki, basi wenzake watatu ndio bunduki yake. Mkizidiwa, litupeni fuvu nje ya ramani. Litarudi mahali pake pa kuanzia na nyinyi mtapata muda wa kujipanga.

Strongholds ina maeneo matatu na unahitaji mawili ili upate pointi. Hapa timu nyingi hupoteza kwa tamaa: zina mawili, zinakwenda kuchukua la tatu, maadui wanazaliwa upya nyuma yao, na maeneo yote yanageuka. Mkiwa na mawili, yalindeni. King of the Hill ina eneo moja, na kilima hakihami mpaka timu moja ijaze kipimo chake.

Big Team Battle ni kitu kingine kabisa: 12 kwa 12, ramani kubwa, magari na ndege. Ukipanda gari la Warthog kuendesha, kazi yako ni kumfikisha mpigaji wa nyuma mahali anapoona maadui na kutosimama kamwe. Ni mahali pazuri kwa mgeni, maana kosa lako moja halionekani sana.

Kuongea na timu

Kuna kitufe cha kuweka alama. Kitumie hata kama huna maiki. Ukiwa na maiki, sema mahali, idadi na hali ya ngao: "Mmoja, hana ngao, mlango wa chini kushoto." Hayo yanatosha. "Jamani yuko hapa, nimempiga sana!" hayamsaidii mtu, maana "hapa" ni wapi? Ukifa, toa taarifa kwanza, lalamika baadaye.

Msitembee mkifuatana kwenye njia moja, wala msitawanyike kiasi cha kushindwa kusaidiana. Umbali mzuri ni ule ambao mwenzako akianza kupigwa, wewe unaweza kumpiga anayempiga kutoka pembe nyingine. Ngao moja haihimili bunduki mbili. Karibu kila pambano lililokuacha ukijiuliza "nimekufaje?" lilikuwa la wawili dhidi yako.

Kumbuka pia kwamba gemu huchagua mahali pa kuwafufua watu kwa kuangalia wenzao na maadui walipo. Timu yako nzima ikijazana upande wa adui, yeye atazaliwa upande wenu. Mmoja akibaki nyuma kidogo, mtajua watatokea wapi.

Mechi za daraja

Zina ngazi za Bronze, Silver, Gold, Platinum na Diamond, kila moja ikiwa na vidaraja sita, kisha Onyx kuanzia alama 1500. Sheria ni kali zaidi: hakuna rada, risasi yako inamuumiza mwenzako, na badala ya MA40 unaanza na bunduki ya kulenga. Mwanzoni ilikuwa BR75, baadaye Bandit Evo ikachukua nafasi yake.

Kukosa rada ndiko kunawatesa wanaotoka mechi za kawaida, hasa waliozoea kutazama duara lile la chini badala ya kutazama ukumbi. Jiandae mapema: katika mechi za kawaida jilazimishe kusikiliza nyayo, na ujifunze kutembea umechutama unapokaribia kona, mwendo ambao rada haiuonyeshi. Maguruneti nayo yawe ya uangalifu, maana ukimpasua ngao mwenzako umemfanyia adui nusu ya kazi.

Usiingie huko mpaka uweze kutaja, bila kuwaza, silaha kubwa ya kila ramani iko wapi. Kulenga kutakuja humo humo.

Jinsi ya kufanya mazoezi

Chagua jambo moja kwa kila kipindi cha kucheza. Leo ni kubadilisha silaha ngao ya adui inapokatika. Kesho ni kutokufa na guruneti mfukoni. Kesho kutwa ni kuondoka ngao yako ikiisha, hata kama unaona kabisa kwamba ungemuua. Ukichanganya yote siku moja hutakumbuka hata moja katikati ya moto.

Kisha fungua Theater, sehemu inayohifadhi mechi zako, na utazame vifo tu, ruka mengine yote. Kwa kila kifo simamisha picha sekunde tano kabla hujaanguka na uangalie vitu vitatu: ngao yako ilikuwa kiasi gani ulipoamua kuendelea kupigana, ukuta wa karibu ulikuwa wapi, na wenzako walikuwa wakitazama upande gani. Ukikuta vifo vingi vina jibu lilelile, hilo ndilo la kufanyia kazi kwenye mechi inayofuata.